Roboti na Kazi ya Shokoa

Neno "roboti" lina umri wa karne moja tu. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alilitia katika tamthilia yake ya R.U.R. iliyochapishwa mwaka 1920, baada ya kupewa neno hilo na kaka yake, Josef. Asili yake ni "robota", yaani kazi ya kulazimishwa ambayo mkulima alimfanyia bwana wa ardhi bila ujira. Wazee wetu waliiita shokoa.

Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors, jimboni New Jersey, Marekani. Usidhani ilikuwa mtu wa chuma mwenye macho na miguu. Ulikuwa mkono mmoja mzito, ukiendeshwa kwa shinikizo la mafuta na kufuata maagizo yaliyohifadhiwa katika ngoma ya sumaku. George Devol ndiye aliyeubuni. Joseph Engelberger akautafutia soko. Kazi yake ilikuwa kutoa vipuri vya metali katika kalibu vikiwa bado vya moto. Hiyo ni kazi ya kuunguza mikono na kuvuta hewa chafu. Sidhani kama yupo aliyeililia.

Karibu na mwaka 1970, mambo yalikuwa mengine huko Lordstown, Ohio. Kampuni hiyohiyo ilifunga Unimate za kuchomelea bodi za magari, na mkondo wa kuunganishia ukaongezwa kasi hadi kukaribia magari 100 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: kila mfanyakazi alibakiwa na sekunde 36 hivi kwa gari moja. Roboti haikuchoka. Binadamu aliyesimama katika mkondo huohuo alichoka, na Machi 1972 wafanyakazi wakagoma kwa siku 22. Tazama vizuri madai yao: walilalamikia kasi na kupunguzwa kwa wenzao. Mshtakiwa alikuwa aliyepanga kasi, si mkono wa chuma.

Japani ilikwenda njia nyingine. Kawasaki ilipata leseni ya Unimate mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikaunda ya kwanza nchini humo. Vibarua walikuwa haba, na makampuni makubwa yalizoea kumhamishia mfanyakazi kazi nyingine badala ya kumwachisha. Kwa hiyo roboti ilipoingia, aliyekuwa akichomelea hakuwa na sababu kubwa ya kuiogopa.

Leo roboti za viwandani zimepita milioni 4 duniani, na zaidi ya nusu ya zile mpya zilizofungwa mwaka 2023 zilikwenda China.