Mzio na Mkereketo katika Rangi za Kufunika Mvi

Shangazi yangu, aliyeota mvi angali kijana na ambaye kamwe hakupenda zionekane, alikuwa kila Idi ikikaribia hununua kanta dukani, akaikoroga kwa maji ndani ya kikombe cha kahawa, akajipaka kwa mswaki wa zamani akiwa ameketi mkekani uani; na kwa muda wa miaka mingi hakupatwa na lolote. Mwaka mmoja akapaka kama ilivyo ada yake, akalala salama, na siku ya pili akaamka paji la uso limefura, kope zimefumbana hata mlango asiuone, na ngozi ya nyuma ya masikio inatoka maji. Watu wa nyumbani wakasema kanta ile ilikuwa mbovu. Mwenye duka akaapa kuwa ni ile ile ya siku zote, na naamini alisema kweli. Zahanati akaambiwa ana “aleji,” naye akarudi akidhani maana yake ni kwamba dawa ile ilikuwa kali mno, akaazimia kutafuta iliyo laini zaidi.

Dhana hiyo, ambayo nimeikuta kwa watu wengi tangu hapo, ina hatari, na chanzo chake ni neno lililopokewa bila ya maana yake. Neno lenyewe lilitungwa mwaka 1906 na tabibu wa Vienna, Clemens von Pirquet, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya “-ingine” na la pili “tendo,” akikusudia kuwa mwili uliokwisha kukutana na kitu huweza, kikirudi tena, kukipokea kwa namna nyingine kabisa. Hayo ndiyo yaliyompata shangazi: kanta haikubadilika, uliobadilika ni mwili wake.

Kiswahili hakikuwa na haja ya kuazima, maana neno tunalo. Mzio, tokea kale, ni chakula au kitu ambacho mtu hujitenga nacho kwa kuwa hakimwafiki, au kwa kuwa ni mwiko kwake. Lakini mwenziwe hukila katika sahani ile ile, akashiba, asidhurike. Asemaye kuwa pweza ni mzio wake hakusema kuwa pweza ni sumu, bali amesema kuwa yeye na pweza hawapatani, na hiyo hasa ndiyo maana wanayoitaka matabibu. Iko tafauti moja tu, nayo ni ndogo: zamani kitu chenyewe ndicho kilichoitwa mzio, na leo twasema mtu ana mzio wa kitu. Wako wanaolikataa neno hili kwa kuwa lanukia miiko ya waganga. Mimi naona mnukio huo una faida, kwani kila aliyelelewa kwetu ajua kuwa mzio haupunguzwi kwa kuonja kidogo kidogo.

Lakini mzio peke yake hautoshi, maadamu rangi hudhuru kwa njia nyingine pia. Amonia na maji ya haidrojeni peroksidi, vikizidi nguvu au vikikawia kichwani, huchoma ngozi ya mtu yeyote, papo hapo, hata ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza. Na jambo hili ningependa tuliite mkereketo, kutokana na kukereketa. Neno muwasho tuliache kwa ile hisia ya kujikuna tu, ambayo hutokea katika hali zote mbili na kwa hiyo haitambulishi hata moja.

Sasa tuitazame rangi yenyewe. Zile za kudumu, ambazo ndizo zifunikazo mvi barabara, hufanya kazi kwa amonia au dawa ya jamii yake kuyafumbua magamba ya unywele, vikaingia vipande vidogo visivyo na rangi, kisha peroksidi ikaviunganisha humo ndani vikawa vikubwa, vyenye rangi, visivyoweza kutoka tena. Kipande mashuhuri kuliko vyote ni parafenilinidiamini, kilichoanza kutumiwa nyweleni huko Ulaya katika karne ya 19, na ambacho sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu kizidi asilimia 2 katika mchanganyiko unaopakwa kichwani. Hicho ndicho aghalabu kinacholeta mzio, na ndicho kilichomo katika kanta ya Mombasa na piko ya Unguja. Kwa hiyo msichana aliyechorwa piko mkononi siku ya harusi huenda akawa ameupokea mzio ambao hatauona mpaka atakapopaka nywele miaka kadhaa baadaye.

Basi kasha likiandikwa “haina amonia,” limeahidi kupunguza mkereketo, wala halikusema neno juu ya mzio. Mwenye ngozi nyepesi ya kichwa, inayochomeka upesi, atanufaika nalo. Mwenye mzio atavimba vile vile. Zipo rangi ambazo mahali pa parafenilinidiamini wametia toluini-diamini, na baadhi ya watu huzivumilia, ila hizo mbili ni ndugu, na mwili uliomkataa mmoja mara nyingi humkataa na mwingine.

Hina safi ni salama kwa walio wengi, lakini juu ya mvi hutoa rangi ya machungwa, haitoi weusi. Anayetaka weusi hupaka hina kwanza, akaisuuza, kisha akapaka unga wa majani ya mnili. Kazi hiyo yataka saa kadhaa na subira. Kitu kiitwacho hina nyeusi, kinachotia weusi kwa muda wa nusu saa, si hina peke yake.

Kabla ya kupaka rangi yoyote ya dukani, hata uliyoizoea, koroga kidogo, utie nyuma ya sikio kiasi cha kidole gumba, ungoje saa 48. Hii ni kwa kuwa mzio wa rangi, kinyume cha mkereketo, hauna haraka, na aghalabu hudhihiri siku ya pili. Kutodhihiri si dhamana kamili. Ama aliyekwisha kuvimba, huyo asijijaribu nyumbani, bali aende kwa tabibu wa ngozi, ambaye hubandika dawa kidogo kidogo mgongoni na kuzisoma baada ya siku kadhaa.

Shangazi alikwenda. Siku hizi katika kipochi chake mna kikaratasi, kimekunjwa mara nne, kilichoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, juu “mzio wangu,” na chini yake yale majina marefu herufi kwa herufi, naye humkabidhi mwenye duka kabla hajauliza bei, akangoja mpaka kasha lisomwe lote.