Wauza Chai na Mashine ya Hesabu

Ukiulizwa, msomaji, ni watu gani walioifanya kompyuta iwe mtumishi wa ofisi kwa mara ya kwanza duniani, huenda ukawataja wanajeshi, au wataalamu wa nyota, au wenye benki. Sivyo. Walikuwa wauza chai na keki. Kampuni ya J. Lyons ilifungua mkahawa wake wa kwanza katika mtaa wa Piccadilly, London, mwaka 1894, na nusu karne baadaye ilikuwa na mikahawa yapata 200 katika miji ya Uingereza, pamoja na viwanda vya mikate mahali paitwapo Cadby Hall, upande wa magharibi wa London.

Biashara ya namna hii ina shida ambayo mnunuzi haioni. Faida ya kikombe kimoja cha chai ni ndogo mno. Keki moja ikiuzwa kwa hasara ya robo peni, hapana atakayejali. Ziuzwapo keki maelfu kwa maelfu kila juma, robo peni hizo hula mtaji kama mchwa. Basi ilikuwa lazima kampuni ijue upesi ni keki gani iletayo faida na ni ipi iletayo hasara. Makarani mamia walikuwa wakijumlisha na kutoa kutwa kucha, na hata hivyo jibu lilipopatikana, keki yenyewe ilikuwa imekwisha liwa na kusahauliwa.

Palikuwa na mtu jina lake John Simmons, aliyesoma hisabati huko Cambridge na kuajiriwa na Lyons mwaka 1923. Katika mwanzo wa miaka ya 1930 kampuni ilianzisha chini yake ofisi ndogo ya kuchunguza jinsi kazi zilivyofanywa. Watu wa ofisi hiyo hawakutunza leja yoyote. Kazi yao ilikuwa kufuata kila karatasi kutoka meza hata meza, na kuuliza: Nani aliyeandika hii? Nani aisomaye? Isipoandikwa, kutaharibika nini? Angalia tarehe vizuri, msomaji. Kompyuta ya kwanza ya kampuni ilikuwa bado miaka 20 mbele, na tayari kulikuwa na watu waliojua kazi ya kampuni hiyo mpaka mizizi yake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo habari hii inapoanza, ingawa vitabu vingi huianzia kwenye mashine.

Mwaka 1947, vita vikiwa vimekwisha, Lyons iliwatuma Thompson na Standingford kwenda Marekani kutazama mambo mapya ya ofisi. Ofisi walizoziona hazikuwafundisha mengi. Lakini walikuwa wamepata habari za ENIAC, mashine ya elektroniki iliyoundwa kwa ajili ya kukokotoa hesabu za mizinga, wakaenda Princeton kuonana na Herman Goldstine. Yeye akawaambia kwamba huko kwao, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Maurice Wilkes alikuwa akiunda mashine ya jamii hiyo. Walivuka bahari kutafuta kitu kilichokuwa kilomita 80 hivi kutoka mlangoni pao!

Waliporudi waliandika taarifa. Mashine, walisema, ingegharimu pauni 100,000 na kuokoa pauni 50,000 kila mwaka. Yafaa niseme wazi kwamba pauni hizo za kuokolewa zilikuwa, kwa sehemu kubwa, mishahara ya makarani ambao kazi yao isingehitajiwa tena. Wakuu wa kampuni walikubali. Waliisaidia Cambridge kwa fedha na kwa fundi mmoja, na mashine ya Wilkes ilipofanya kazi mwezi wa Mei 1949, Lyons ilianza kuunda ya kwake, chini ya mhandisi John Pinkerton. Iliitwa LEO.

LEO ilijaza ukumbi mzima. Ilikuwa na vali za kioo zipatazo 6,000, zilizowaka kama taa na kuungua kama taa, na kumbukumbu yake ilitunzwa katika mirija ya zebaki. Shida kubwa, hata hivyo, ilikuwa mdomo wake. Iliweza kukokotoa kwa kasi ya ajabu, lakini namna ya kuilisha takwimu ilikuwa ya polepole, kama pipa linalojazwa kwa kijiko. Mitambo ya utepe wa sumaku iliyotarajiwa kuondoa shida hiyo haikufaa, ikaachwa, na ikabidi kutumia kadi na tepe za karatasi zilizotobolewa matundu.

Kwa hiyo walianza na kazi ndogo. Mwezi wa Novemba 1951 LEO ilipewa hesabu za thamani ya mikate na keki zilizotoka viwandani. Hesabu hizo hazikuhitaji takwimu nyingi, na zikikosewa, hapana mtu atakayelala na njaa.

Mishahara ilikuwa jambo jingine. Hebu fikiri: mashine ife usiku wa kuamkia siku ya malipo, na mamia ya waokaji wasimame dirishani asubuhi wakingoja haki yao. David Caminer, aliyesimamia uandishi wa programu, aliagiza kila programu ikaguliwe na mtu mwingine asiyekuwa mwandishi wake. Mmoja wa waandishi hao alikuwa Mary Coombs, msichana aliyesomea Kifaransa chuoni, wala si hisabati. Karani hodari alitumia dakika 8 kukokotoa mshahara wa mtu mmoja. LEO ilitumia sekunde moja na nusu. Hata hivyo makarani waliendelea na hesabu zao za zamani sambamba na mashine, majibu yakilinganishwa, mpaka mwanzo wa mwaka 1954 ndipo mashine ilipoachiwa kazi hiyo peke yake.

Mwaka huohuo ikaja zamu ya mikahawa. Desturi ya zamani ilimtaka bibi msimamizi wa kila mkahawa ajaze fomu ndefu kila siku, akiorodhesha vyakula vyote alivyotaka vya kesho. Kuzilisha fomu hizo zote mashineni kungaliichelewesha mpaka asubuhi. Basi desturi yenyewe ikabadilishwa. Kila mkahawa ukawekewa agizo la kawaida kwa kila siku ya juma, na msimamizi akawa anapigiwa simu alasiri aseme mabadiliko tu: keki kumi zaidi, mikate mitano pungufu. Msichana aliyepokea simu alitoboa kadi papo hapo huku akisikiliza.

LEO ya kwanza ilizimwa mwaka 1965. Wakati huo kampuni ndogo iliyoundwa kuziuza mashine hizo ilikuwa imekwisha unganishwa na nyingine, na LEO ya tatu, isiyotumia vali, ilikuwa sokoni. Idara ya simu ya Uingereza ilinunua kadhaa kwa ajili ya kutayarisha hati za madai ya wateja. Ziliunganishwa na kipaza sauti, na mwendeshaji aliyezizoea aliweza kujua kwa sikio tu kwamba programu imekwama. Zilitumika hata mwaka 1981. Miaka ya mwisho mafundi walikuwa wakinunua mashine zilizotupwa na wengine, ili wapate vipuri vya kuzitengenezea zile zilizokuwa bado hai.