Picha moja kila siku: kwa nini hatuioni Hadado ikiwa kijani

Jaribu kukumbuka picha yoyote ya kaskazini mashariki mwa Kenya uliyowahi kuiona gazetini. Wacha nibahatishe: kuna mzoga wa ng'ombe, kuna mtungi wa manjano wa lita 20, na kuna mama aliyejifunika shela kwa sababu ya vumbi. Haya, sasa kumbuka picha ya mahali hapo hapo mwezi wa Mei, majani yamesimama, mbuzi wamezaa, watoto wana midomo myeupe kwa maziwa. Kimya, sivyo?

Kazi yangu ni kuandika programu. Mtu wa programu akiona data imekosekana kwa bahati mbaya, huijazia na kuendelea. Akiona imekosekana kwa mpangilio, miezi ile ile kila mwaka, husimama na kuuliza: nani alikuwa anakusanya, na alikuwa anakuja lini? Hilo ndilo swali langu leo. Nitalijibu kwa historia kwanza, halafu nitaleta pendekezo dogo ambalo mtu yeyote mwenye simu anaweza kulifanya.

Hadado iko Kaunti ya Wajir, eneo bunge la Wajir Magharibi. Wenyeji wengi ni Wasomali, na ufugaji ndio uti wa mgongo: ngamia, mbuzi, kondoo, ng'ombe. Mwaka wao una misimu minne, na mtu wa pwani hatapata taabu kuielewa. Gu ni masika yetu, kuanzia Machi au Aprili mpaka Mei au Juni. Hagaa inakaribiana na kipupwe. Deyr ni vuli. Jilaal ni kiangazi kikali cha kuanzia Januari. Wazungu wanaisifu spring yao kwa maua, lakini gu ni zaidi ya maua. Gu ndiyo inayoamua kama watoto watakunywa maziwa, kama harusi itafanyika, na kama familia itakaa pamoja au itagawanyika kufuata malisho.

Kamera huja jilaal

Mpiga picha wa habari hufuata habari, na mtu aliyeshiba si habari. Hilo si kosa la mpiga picha mmoja, ni jinsi mtambo mzima unavyofanya kazi. Chukua miaka ya karibuni. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kuleta mvua ya kutosha Pembe ya Afrika. Kamera zilijaa Wajir, na ilikuwa haki zije. Kisha gu ya 2023 ikaleta mvua, na mwishoni mwa mwaka huo El Niño ikaleta mafuriko. Kamera zikarudi, kupiga mafuriko. Zile wiki za katikati, nyasi zilipoota na mama akasonga ugali akiwa hana haraka, zikabaki bila shahidi.

Mtu aliyeonyesha nguvu ya picha katika eneo letu ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, mwanzilishi wa Camerapix. Oktoba 1984 alipiga filamu ya njaa huko Korem, Ethiopia, na BBC wakaionyesha tarehe 23 mwezi huo huo. Dunia ikashtuka. Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid. Picha zile ziliokoa maisha ya watu wengi sana, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini pia ziliacha kiolezo. Tangu siku hiyo, mhariri wa London au New York akisikia "kaskazini mwa Kenya", anajua picha gani anataka kabla mpiga picha hajapanda ndege.

Na hata mwaka ule wa 1984 ulikuwa na jambo jingine ambalo halikufika kwenye taarifa ya habari kwa namna hiyo. Mwezi wa Februari, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walizuiliwa kwa siku kadhaa juani, na wengi waliuawa. Nyumba zilichomwa. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, ilisema waliouawa walikaribia 1,000, na manusura wengine wanataja idadi kubwa zaidi. Sheria za hali ya hatari zilizowekwa kaskazini mashariki tangu Desemba 1963 zilikuwa bado zinafanya kazi, na zilifutwa 1991 tu. Hakuna tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya Wagalla.

Ndiyo maana nasema kukosekana kwa picha si jambo la urembo. Mahali ambapo mtu wa nje ndiye peke yake mwenye kamera, yeye ndiye anayeamua ni siku zipi zilitokea.

Uso kwa ajili ya serikali

Kuna kamera nyingine iliyofika kabla ya simu: ya kitambulisho. Kipande cha wakati wa mkoloni, kilichoanza kutumika kwa wanaume Waafrika mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilikuwa na alama za vidole na kilivaliwa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Baadaye serikali ilitaka na uso. Novemba 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa kupimwa upya uraia wao, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ambayo hakuna Mkenya mwingine aliyetakiwa kubeba. Baadaye tena, watu waliojiandikisha kama wakimbizi wakati wa ukame ili wapate chakula walikuta alama zao za vidole zinawafungia mlango wa kitambulisho. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufuta uhakiki wa ziada wa vitambulisho katika kaunti za mpakani. Hesabu mwenyewe hapo ni miaka mingapi watu wamekuwa wakiulizwa, "Wewe ni wa hapa kweli?"

Sasa fikiria maana yake kwa albamu ya nyumbani. Ni rahisi kukuta familia ambayo picha pekee ya babu ni ile ndogo ya pasipoti, ameangalia mbele, hatabasamu, pazia nyuma. Alipigwa ili athibitishe kwamba yupo. Hakupigwa akikamua ngamia.

Pwani walikuwa na bahati kidogo. Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh, Lamu kulikuwa na Bakor, Zanzibar kulikuwa na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza iliyofunguliwa 1930. Lakini studio nayo ina sheria zake: unavaa nguo ya Idi, unasimama mbele ya mandhari iliyochorwa, unaazima saa. Hayo yalikuwa maisha waliyoyatamani. Aliyekaribia maisha ya kila siku zaidi, kwa ninavyojua, ni Musa Katuramu wa magharibi mwa Uganda, aliyepiga ndugu, majirani na wanafunzi kwao nyumbani. Filamu zake zilitunzwa na mwanawe, na leo tunaweza kuziona kwa sababu mradi wa History In Progress Uganda, ulioanzishwa 2011, ulizikusanya na kuzichapisha. Mtu mmoja, mahali pamoja, miaka mingi. Hiyo ndiyo siri.

Mazoea ndiyo yanayotengeneza historia

Mwaka 1900 Kodak waliuza kamera ya Brownie kwa dola moja, na picha ya nyumbani ikawa mchezo wa mtu wa kawaida, angalau Marekani na Ulaya. Lakini mfano ninaoupenda ni wa Jamie Livingston wa New York. Tarehe 31 Machi 1979 alianza kupiga picha moja ya Polaroid kila siku. Aliendelea mpaka 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki kwa saratani. Zilikuwa zaidi ya 6,000. Rafiki zake walipoziweka mtandaoni miaka kumi baadaye, watu walizitazama kwa machozi. Ajabu ni kwamba nyingi hazina kitu: meza, rafiki, chakula, paka. Ukiziona moja moja, hutasimama. Ukiziona kwa mfululizo, unaona mtu akiishi.

Hapo ndipo napata pendekezo langu. Gu ijayo, mtu mmoja wa Hadado, au wa Griftu, au wa kijiji chochote cha huko, apige picha moja kila siku kuanzia 1 Machi hadi 31 Mei. Siku 92.

Zingeonyesha nini? Zingeanza na wingu, na wazee wakiliangalia. Kisha herio, ile nyumba ya mviringo ambayo kina mama huijenga, huibomoa na kuipakia juu ya ngamia: miti iliyopindwa, mikeka iliyosukwa, na siku hizi turubai juu yake. Mvua ya kwanza ikipiga, mtu anaweka kamba sawa, mwingine anakinga maji. Chombo cha maziwa kinafukizwa moshi ili maziwa ya ngamia yakae na yapate ladha. Anjera asubuhi na chai yenye maziwa mengi, baada ya miezi ya chai ya rangi. Lori limekwama kwenye tope njia ya Wajir na wanaume wanalisukuma. Mbu. Mwana-mbuzi amefungwa ndani asiliwe na fisi. Paneli ndogo ya sola juu ya paa na simu tatu zinachajiwa. Katika miaka kama 2022 na 2023, ambapo Ramadhani iliangukia msimu huu, kungekuwa na tende na futari.

Na zingeonyesha jambo ambalo hata mwanasayansi angelihitaji: siku gani mvua ilianza, siku gani majani yalitoka, siku gani bwawa lilijaa na lini lilikauka. Piga mti ule ule, kutoka pale pale, kila mwaka. Baada ya miaka kumi una ushahidi wa hali ya hewa ambao hakuna mtu wa mradi atakayekuja kukutengenezea.

Neno moja la adabu. Nyumba si mali ya mpiga picha. Si kila mama anataka uso wake uingie kwenye simu ya mtu, na ana haki hiyo bila kutoa sababu. Piga mikono, piga vyombo, piga kivuli, piga mlango. Omba ruhusa kabla, na ukiambiwa futa, futa mbele yake.

Upande wa ufundi

Hapa naweza kusaidia kidogo, maana picha nyingi za kidijitali hufa zikiwa bado ziko kwenye simu.

Kwanza, saa. Tarehe ya picha huandikwa ndani ya faili kwa mpangilio unaoitwa EXIF, uliotoka Japani 1995. Saa ya simu ikiwa mbaya, historia yako ni mbaya. Iangalie kila wiki.

Pili, usiifanye WhatsApp kuwa kabati lako. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, inabanwa na habari za EXIF zinaondolewa. Lile jina IMG-20230405-WA0003 linaonyesha siku picha ilipopita WhatsApp, si lazima iwe siku iliyopigwa. Hamisha faili asilia.

Tatu, ipe jina kwa mwaka, mwezi, siku: 2023-04-05-hadado.jpg. Kompyuta yoyote itazipanga zenyewe, leo na baada ya miaka 50.

Nne, usiamini tovuti ya bure milele. Flickr, iliyoanza 2004, ilikuwa nyumba ya watu wengi wa picha-kila-siku. Mwaka 2019 ilianza kufuta picha zilizozidi 1,000 kwenye akaunti za bure. Weka nakala tatu: simu, kadi ya kumbukumbu, na kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Tukichukulia MB 2 kwa picha, siku 92 ni MB 184 tu. Gu kumi hazifiki GB 2. Kadi ya bei rahisi inazimeza zote.

Tano, chapisha. Hata picha kumi kwa msimu. Nyuma yake andika kwa kalamu: tarehe, mahali, na jina la kisima au bwawa kama wazee wanavyoliita.

Kuna mtoto atazaliwa Hadado gu ijayo. Akifika miaka 18 ataenda kuchukua kitambulisho, na pengine bado kutakuwa na mtu nyuma ya meza wa kumuuliza kwao ni wapi. Picha za nyanya yake akisuka mkeka chini ya mti ule ule, miaka 18 mfululizo, huenda zisitoshe mbele ya sheria. Lakini atakapojibu hatakuwa anabahatisha, na yeye mwenyewe hatakuwa na shaka.