Kusimamisha, Kufunga na Kurudisha

Mtafsiri wa maandishi ya kompyuta hukwama afikapo kwenye habari za kusafisha programu za mtandao, kwani hapo neno "kufunga" hubebeshwa mizigo mitatu. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwa nini mizigo hiyo yapasa kutenganishwa.

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mnamo mwaka 1972. Katika lugha hiyo nafasi ya kumbukumbu iliyoombwa hairudi yenyewe. Sharti mwandishi wa programu aagize irudishwe. Mwaka 1983 mfumo wa 4.2BSD, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliiwezesha programu moja kungojea miunganisho mingi kwa pamoja. Baadaye yakatungwa makusanyo ya kurahisisha kazi hiyo, yakiwamo libev ya Marc Lehmann (2007) na libuv (2011). Ndani yake mna chombo kingojacho tukio, kama vile kuwasili kwa ujumbe. Twapendekeza kiitwe "kiangalizi", wala si "mlinzi", kwa kuwa hakilindi kitu.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, kila muunganisho hutambuliwa kwa namba. Muunganisho ukifungwa, namba yake huwa huru, na muunganisho mpya hupewa namba ndogo kuliko zote zilizo huru. Basi kiangalizi kisiposimamishwa kwanza, huenda kikapokea matukio ya mtu mwingine aliyerithi namba ile. Tena, kumbukumbu yake ikirudishwa ilhali kingali kazini, programu yaweza kuanguka, au kumpa mhalifu mwanya wa kuingia.

Ndiyo maana maelezo ya libev yaagiza kiangalizi kisimamishwe kabla ya kumbukumbu yake kurudishwa. Katika libuv kufunga hakukamiliki papo hapo: kumbukumbu hairudishwi mpaka programu ipate taarifa kwamba kufunga kumekwisha.

Kwa hiyo tuseme: kiangalizi husimamishwa, muunganisho hufungwa, kumbukumbu hurudishwa. Mtafsiri anayeandika "funga" mahali pote hakukosea sarufi. Lakini amemficha mwanafunzi utaratibu, na katika kazi hii utaratibu ndio usalama wenyewe.