Muumano wa Meno

Bwejuu, Unguja, bahari ikipwa, watu hushuka mwambani kuchokoa pweza. Pweza huyo, hata apigwe na kuchemshwa vizuri, hahitaji meno mengi tu. Yanatakiwa magego yanayokutana sawasawa. Kukutana huko kwa meno ya juu na ya chini ndiko madaktari hukuita okluzheni. Kwa Kiswahili napendekeza muumano, kutokana na kuumana, kama mgongano ulivyotokana na kugongana.

Neno la Kilatini lililozaa istilahi hiyo lina maana ya kufunga, na ni rahisi mfasiri kukimbilia kufumba kinywa. Akifanya hivyo atapotosha. Mtu aliyefumba kinywa akatulia, meno yake hayagusani: hubaki mwanya wa milimita chache baina ya safu mbili. Huumana anapotafuna na anapomeza. Midomo na meno ni mambo mawili, na istilahi iyatenganishe.

Wanadharia wenyewe wamebishana kuhusu kipimo cha muumano mzuri. Edward Angle wa Marekani, mwaka 1899, alishika gego la kwanza la kudumu, linaloota mtoto akiwa na miaka kama 6: ncha ya mbele ya gego la juu, upande wa shavu, ikae kwenye mfuo wa gego la chini. Kundi la Beverly McCollum huko California, miaka ya 1920, likatazama kiungo cha taya kilicho mbele ya sikio. Meno yafuate mwendo wake. Mwaka 1972 Lawrence Andrews akatoa kanuni 6 baada ya kuchunguza vielelezo vya plasta 120 vya meno mazuri yasiyowahi kunyooshwa.

Anayenivutia zaidi ni Raymond Begg wa Australia. Mwaka 1954 aliandika juu ya meno ya wenyeji wa asili wa nchi yake, yaliyosagika kwa chakula kigumu, akasema kusagika huko ni sehemu ya muumano wenyewe. Si wote waliomkubali, lakini alikumbusha kwamba chakula nacho huunda kinywa.

Kipimo cha California si lazima kimfae mtoto wa Unguja. Ndiyo maana utafiti wa Emeria Mugonzibwa na wenzake wa mwaka 2004, uliolinganisha watoto wa Tanzania na wa Ufini, una thamani kubwa kwetu.

Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) na walimu wa chuo kikuu cha tiba cha Muhimbili walipitishe neno muumano pamoja na jamaa zake: muumano wazi, meno ya mbele yasipogusana ilhali magego yameumana, na muumano wa kinyume, ya juu yanapokaa ndani ya ya chini. Mzazi akiambiwa hivyo kuhusu mwanawe, ataelewa papo hapo.