Historia ya Kupima Kasi ya Mawimbi ya Mkato Ardhini

Mawimbi ya mkato ni mitikisiko inayosogeza chembe za udongo au mwamba kwa kukingama na njia inayopitia, tofauti na mawimbi ya mgandamizo, ambayo huzibana na kuziachia chembe hizo kwa kufuata njia yake. Kuelekea mwaka 1830, mwanahisabati Mfaransa Siméon Denis Poisson alionyesha kwamba kitu kigumu chenye unyumbufu hupitisha aina zote mbili, ila vipimo vilichelewa sana kuifikia hesabu hiyo.

Mwaka 1849, mhandisi wa Ireland Robert Mallet alilipua baruti iliyofukiwa katika mchanga wa Killiney Bay na kuvizia mtikisiko ulipofika kwenye bakuli la zebaki. Alipata takriban mita 250 kwa sekunde mchangani na mita 500 katika itale, tarakimu ndogo mno kwa mwamba mgumu kiasi hicho, kwa kuwa zebaki haikuonyesha mtikisiko dhaifu uliotangulia. Ilipofika mwaka 1900 ndipo mwanajiolojia R. D. Oldham alipoyatenganisha waziwazi mawimbi hayo mawili katika kumbukumbu za matetemeko.

Wahandisi wa ujenzi waliyathamini mawimbi ya mkato kwa sababu mbili: kipeo cha pili cha kasi yake kikizidishwa kwa densiti hutoa kipimo cha ugumu wa udongo dhidi ya kukatika, na tena hayapiti majini, ilhali katika udongo uliolowa mawimbi ya mgandamizo huishia kupima maji yenyewe, yaani takriban mita 1,500 kwa sekunde. Mwaka 1972 Stokoe na Woods walieleza namna ya kuyapima kati ya mashimo ya kuchorongwa yaliyo jirani, na mwaka 1999 Park, Miller na Xia wa Kansas wakaonyesha jinsi safu ya jiofoni, yaani vinasa mtikisiko, inavyoyakadiria kutokana na mawimbi ya juu ya ardhi bila kuchoronga.

Kwa kuwa vipimo vya mashimoni vilikuwa ghali, watafiti wa Japani, wakiwemo Ohta na Goto mwaka 1978, walitunga kanuni za kukadiria kasi kutokana na idadi ya mapigo ya nyundo ya kilo 63.5 yanayohitajika kuzamisha bomba la sampuli sentimita 30 ardhini.

Tetemeko la Septemba 1985 liliubomoa vibaya Jiji la Mexico, ingawa kitovu chake kilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 350, kwani udongo wa mfinyanzi wa ziwa la kale, ambao kasi ya mawimbi ya mkato ndani yake mahali pengi haifiki mita 100 kwa sekunde, uliukuza mtikisiko. Katika muongo uliofuata, kanuni za ujenzi za Marekani zilianza kuainisha viwanja kwa wastani wa kasi hiyo katika mita 30 za juu: zaidi ya mita 760 kwa sekunde ilihesabiwa kuwa mwamba, chini ya 180 udongo laini. Hata hivyo, kanuni ya kukadiria kasi hiyo kwa mapigo ya nyundo hubeba wastani wa udongo wa mahali ilikotungwa. Hivyo inafaa kwa uchunguzi wa awali, wala haitoshi kuwa msingi wa jengo zito ambalo ardhi yake haijapimwa.