Ukuta wa pambo

Ukuta wa pambo ni ukuta mmoja wa chumba, hasa sebule, unaopakwa rangi tofauti na kuta nyingine ili uvute macho. Kuta zinazobaki kwa kawaida huwa na rangi tulivu, kama vile nyeupe au ya maziwa. Uchaguzi wa ukuta hutangulia uchaguzi wa rangi, kwa sababu rangi ileile inaweza kukifaa chumba ikiwa kwenye ukuta mmoja na kukibana ikiwa kwenye mwingine.

== Historia ==
Desturi ya kuupamba ukuta mmoja kuliko mingine ni ya zamani kuliko rangi za viwandani. Katika nyumba za mawe za Waswahili huko Lamu, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, chumba cha ndani kilipambwa kwa zidaka, yaani safu za vishubaka vya lipu ya chokaa vilivyowekwa vyombo vya kaure na vitu vingine vya thamani. Ukuta uliochaguliwa ulikuwa ule wa nyuma, unaotazamana na anayeingia.

Huko Ulaya, Gerrit Rietveld alitumia nyekundu, buluu na manjano kati ya kuta nyeupe na za kijivu katika nyumba ya Rietveld Schröder mjini Utrecht, Uholanzi (1924). Nyumba ya Luis Barragán mjini Mexico City (1948) nayo inajulikana kwa kuta zake za rangi kali.

== Kuchagua ukuta ==
Mambo yanayozingatiwa ni haya:
* '''Mlango''': ukuta unaoonekana kwanza mtu anapoingia ndio hufaa mara nyingi.
* '''Nafasi wazi''': ukuta wenye milango na madirisha mengi hukatakata rangi, hivyo ukuta mzima hupendelewa.
* '''Umbo la chumba''': katika sebule ndefu na nyembamba, rangi nzito kwenye ukuta mfupi wa mwisho huufanya uonekane karibu, na chumba huacha kufanana na ujia. Rangi hiyo ikipakwa kwenye ukuta mrefu, chumba huonekana chembamba zaidi.
* '''Samani''': ukuta utakaofunikwa na kabati kubwa hauna faida. Ukuta ulio nyuma ya makochi au runinga hutumika sana; nyuma ya runinga hufaa rangi isiyong'aa, ili mwanga usirudi machoni mwa watazamaji.

== Mwanga ==
Ukuta wenye dirisha huonekana mweusi kuliko ulivyo wakati wa mchana, kwa sababu macho huzoea mwangaza wa nje. Ukuta unaotazamana na dirisha hupokea mwanga huo, huonyesha rangi vizuri na kuirudisha kidogo kwenye kuta nyingine. Taa za usiku zenye mwanga wa manjano hufifisha buluu na kuzidisha nyekundu. Kwa hiyo ni vema kupaka kipande cha majaribio na kukitazama asubuhi, alasiri na usiku kabla ya kununua rangi yote.

== Hali ya ukuta ==
Ukuta wenye unyevu haufai kupakwa kabla ya kutengenezwa. Dalili zake ni rangi inayobanduka, madoa, ukungu au chumvi nyeupe juu ya lipu. Rangi mpya huficha dalili hizo kwa muda mfupi tu, wakati chanzo, kama bomba linalovuja, kinaendelea kuharibu nyumba.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na wajawazito, kwa hiyo haipaswi kukwanguliwa wala kupigwa msasa ikiwa kavu.

== Kiasi cha rangi ==
Eneo hupatikana kwa kuzidisha urefu wa ukuta kwa kimo chake, kisha kutoa milango na madirisha. Kwa mfano, ukuta mzima wa mita 4 kwa 2.7 una mita za mraba 10.8, mikono miwili ni 21.6. Ikiwa lita moja inafunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, zinahitajika lita 2 na ziada kidogo. Ukuta wenye lipu isiyo laini hunywa rangi zaidi.

== Tazama pia ==
* Rangi
* Nyumba
* Usanifu majengo